MAPAGALE YETU NA DHAMANA YAO

Ndugu wanachama wa ushirika, na ndugu wanakijiji wote mnaopita hapa ukutani,

Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Asiye na miwani aazime. Habari hii ni ndefu kidogo, lakini inahusu paa lililo juu ya kichwa chako na shamba lililo chini ya mguu wako. Kwa hiyo weka jembe chini, simama.

Hebu toka hapa ghalani, shika njia ya kisimani, uhesabu mapagale. Sisi tumehesabu. Kutoka ghala mpaka kisima yapo kumi na moja. Kuta za tofali za kuchoma zimesimama, madirisha matupu, ndani imeota mibarika. Lipo pagale moja ambalo msingi wake ulichimbwa mwaka aliozaliwa mtoto wa mwenye nyumba. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu. Baba, mama na watoto wanalala nyuma, kwenye nyumba ya miti na udongo, na kila mvua zikija ukuta mmoja unakwenda chini.

Wako watu wanaopita na magari wakasema, "Wanavijiji wavivu hawa, wanaanza hawamalizi." Uongo mtupu! Mtu aliyefyatua tofali elfu nane kwa mikono yake, akakata kuni, akapanga tanuri na kulikesha usiku kucha moto usizimike, mtu huyo ni mvivu? Nguvu anayo. Asichokuwa nacho ni fedha ya mkupuo mmoja. Mabati, mbao za kenchi, misumari, nondo na saruji ya lenta: vitu hivi havioti shambani. Vinauzwa dukani, na dukani hawapokei jasho.

Hapo ndipo alipoingia yule bwana wa pikipiki.

BWANA WA PIKIPIKI NA FOMU ZAKE

Wengi mmemwona. Mkoba begani, fomu mkononi, maneno matamu kama asali mbichi. Eti "mkopo wa nyumba bora." Shilingi 5,000,000, miezi 24, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Dhamana: hati yako ya hakimiliki ya kimila. Anasema riba hiyo ni halali, na hapo hasemi uongo, maana asilimia 3.5 kwa mwezi ndiyo ngazi ya mwisho ambayo Benki Kuu iliwaruhusu wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Lakini halali ni kitu kimoja, na kubebeka ni kitu kingine. Gunia zima la mahindi nalo ni halali, mtwike mtoto uone.

Tupige hesabu pamoja, bila haraka. Riba yake inahesabiwa juu ya mkopo wote mpaka siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Asilimia 3.5 ya shilingi 5,000,000 ni shilingi 175,000 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 24, unapata shilingi 4,200,000. Hiyo ni riba peke yake. Ongeza mkopo wenyewe: shilingi 9,200,000. Gawa kwa miaka miwili: shilingi 4,600,000 kila mwaka.

Sasa tuulizane kwa heshima. Nani kati yetu, akishalipa salfa, vibarua wa palizi, sare za shule na chakula cha miezi ya njaa, anabakiwa na shilingi 4,600,000? Anyooshe mkono tumwone.

Na tena anataka alipwe kila mwezi. Korosho haiangushi fedha kila mwezi! Minada inaanza Oktoba, na wengi wetu Machi mfuko umekauka. Anayetaka rejesho la Mei kwa mkulima wa korosho ama hajui kilimo, ama anajua sana na anangoja ushindwe. Sisi tunaona ni hilo la pili. Mwenzetu wa kijiji cha jirani alishasaini. Bati ziko juu, zinang'aa kweli. Rejesho la tano likamshinda, la sita likamshinda, na sasa karatasi ya mnada imebandikwa mlangoni. Bati juu, mnada mlangoni! Hiyo ndiyo nyumba bora?

WANAOSEMA NYUMBA NI ANASA

Tukisema hivi, wako wenzetu humu humu kijijini wanaoitikia, "Basi acheni mambo ya mikopo. Nyumba ya bati ni anasa. Wazee wetu waliishi kwenye nyasi."

Hao nao tunawapinga. Wazee wetu walikuwa na nyasi. Leo nyasi ndefu ya kuezekea unaifuata wapi? Nguzo ngumu zisizoliwa na mchwa ziko wapi? Misitu imekwenda. Nyumba ya miti na nyasi inadai kujengwa upya kila baada ya miaka michache, na kila ukijenga upya unapoteza siku za shamba. Nyumba mbovu ina gharama, isipokuwa gharama yake haiandikwi kwenye fomu. Inaandikwa kwenye kifua cha mtoto anayekohoa na kwenye mgongo wa mama anayekandika ukuta ule ule kila mwaka.

Mwaka 1977, alipotathmini Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu Nyerere alitulaumu kwamba tunadharau tofali za kuchoma na vigae, tunangoja bati na saruji, ile saruji aliyoiita udongo wa Ulaya. Lawama ile ilikuwa na haki yake. Lakini angalieni mapagale yetu kumi na moja: kuta zote ni udongo wa hapa hapa, umechomwa kwa kuni za hapa hapa. Tumejitegemea mpaka juu ya dirisha. Kilichobaki ni kile ambacho kujitegemea kwa mtu mmoja hakukifikii. Na kusaidiwa kumaliza ulichoanza kwa mikono yako siyo anasa.

WANAOSEMA SERIKALI HAIHUSIKI

Wako wengine, hasa waliosoma kidogo, wanasema, "Nyumba ni jambo la mtu binafsi. Serikali isiingie." Jamani! Serikali ilishaingia zamani. Hebu tukumbushane.

Kati ya mwaka 1973 na 1976 ilipita Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa. Wazee wetu walio hai wanakumbuka wakiacha nyumba zao na kuanza upya kwenye mistari iliyopimwa na maofisa. Serikali iliingia kwenye suala la nyumba siku ile ile ilipotuambia wapi tujenge. Ilituonyesha mstari. Bati haikutupa.

Miaka hiyo hiyo ilikuwapo Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972 na kuanza kazi mwaka 1973. Tena ukaanzishwa Mfuko wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, na waajiri wakatozwa asilimia 2 ya mishahara wanayolipa ili mfuko upate fedha. Rudia jina hilo polepole: wafanyakazi NA WAKULIMA. Jina zuri kabisa. Lakini mikopo mingi ilikwenda mijini, tena kwa wenye vyeo na mishahara minono. Mkulima alibaki kwenye jina. Madeni hayakulipwa, na mwaka 1995 benki ikafungwa.

Watu wanaitumia hadithi hii kutufunga mdomo: "Mnaona? Mkopo wa serikali haulipwi." Ngojeni kwanza. Aliyekula ni nani? Si mkulima wa hapa, maana yeye hakupewa hata sahani. Huwezi kumnyima mtu chakula halafu ukamwambia yeye ndiye aliyemaliza chungu.

Baadaye ikatungwa sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya rehani za nyumba. Mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, inayozikopesha benki ili nazo zikopeshe wanunuzi wa nyumba kwa miaka mingi. Fedha za Benki ya Dunia zilipitia serikalini kuisaidia kazi hiyo, na ndani ya mradi huo liliwekwa hata fungu la mikopo midogo ya nyumba kwa wenye kipato cha chini. Sisi kijijini hapa fungu hilo hatukuliona hata kivuli chake. Mikopo ya rehani yenyewe imekuwa na riba ya kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, na mlango wake unafunguka kwa hati ya mjini na karatasi ya mshahara. Mkulima karatasi ya mshahara ataitoa wapi? Kwa mkorosho?

Kwa hiyo tusidanganyane. Swali siyo kama serikali iingie au isiingie. Serikali imo. Swali ni mkono wake umeshika mwavuli wa nani.

HATA MABEPARI WANAFANYA

Sasa tuwapeleke mbali kidogo, mpaka Marekani, makao makuu ya ubepari. Huko kila kitu soko, si ndiyo? Sikilizeni.

Kwa sheria ya nyumba ya mwaka 1949, serikali ya Marekani ilianza kukopesha wakulima fedha za kujenga na kutengeneza nyumba mashambani. Mwaka 1961 ikawaongeza watu wa vijijini wasiokuwa wakulima. Mpaka leo kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Kilimo. Narudia, Kilimo! Maana wanajua kwamba mkulima asiye na nyumba hakai shambani.

Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza, wizara yenyewe inamkopesha mwenye kipato kidogo kwa miaka 33, na wengine mpaka miaka 38. Aliye chini kabisa husaidiwa malipo mpaka ikawa kama analipa riba ya asilimia 1. Ya pili, benki ya kawaida ndiyo inayokopesha, kwa miaka 30, bila mnunuzi kutoa fedha ya kuanzia, na serikali inaidhamini benki kwa asilimia 90 ya mkopo. Benki ya huko nayo inaogopa mtu wa kijijini, kama benki ya hapa. Tofauti ni kwamba serikali imesimama katikati na kusema: mkopesheni, mimi niko nyuma yake.

Ipo na njia ya tatu, na hii ndiyo iliyotufanya tuchekane. Familia kadhaa zinaunganishwa kundi moja, zinapewa mkopo na fundi wa kuwasimamia, halafu zinajengeana nyumba, kila familia ikitoa nguvu kazi ya kama asilimia 65. Katika makundi mengi hakuna anayehamia kwake mpaka nyumba ya mwisho imekwisha. Ndugu, si huo ndio msaragambo? Mabepari wanajengeana kwa zamu, sisi tuliozaliwa kwenye vijiji vya ujamaa kila mtu na pagale lake!

Hatusemi Marekani ni peponi. Huko nako asiyelipa hunyang'anywa nyumba, na wako wengi wasioifikia mikopo hiyo. Tunasema tu kwamba anayetuambia kudhamini nyumba ya kijijini ni ndoto ya wajamaa, akawaulize mabepari.

WANAOSEMA MKULIMA HAAMINIKI

Hoja yao ya mwisho ni hii: mkulima hana dhamana, mkulima halipi.

Kwanza, dhamana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inasema haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ya kumiliki iliyotolewa na serikali. Sawa! Basi kwa nini benki ikiiona hati ya kimila inaipindua pindua kama noti bandia, na mwenye riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi anaipenda sana? Yule wa kwanza anaogopa kwamba mgeni hawezi kuhamishiwa ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Huyu wa pili anategemea kwamba hatuijui sheria hiyo. Basi tuijue.

Pili, malipo. Korosho zetu zinapita kwenye stakabadhi ghalani, mtindo ulioanza kwenye korosho mwaka 2007. Kila kilo inaandikwa. Makato yanakatwa kabla fedha haijafika mkononi. Ni mfanyakazi gani wa mjini aliyefungwa kamba fupi kuliko hiyo? Kama ushirika unaweza kukata ushuru na deni la pembejeo, unaweza kukata rejesho la bati.

Tena serikali yenyewe imeshakubali kwamba mkulima anadhaminika. Tangu mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ina mfuko wa kudhamini mikopo ya wakulima wadogo. Inaziambia benki: mkopesheni mkulima, akishindwa sehemu ya hasara ni yangu. Vizuri sana! Lakini mkulima yule yule anayedhaminiwa kununua trekta hadhaminiwi kumaliza kenchi. Kwani trekta linalala wapi, na mwenye trekta analala wapi?

TUJISEME NA SISI

Gazeti la ukutani linalowasema wengine na kujificha lenyewe ni gazeti la waoga. Kwa hiyo tuseme la kwetu.

Ushirika huu uliwahi kukopesha bati. Wazee mnajua. Zilitolewa kwa orodha, na majina ya juu ya orodha yalikuwa ya wanakamati na shemeji zao. Wanachama wa kawaida walilipa mpaka shilingi ya mwisho, maana walikatwa kwenye korosho. Wakubwa waliuza korosho zao kwa kangomba, wakakwepa makato. Mfuko ukafa. Benki ya Nyumba ilikufa kwa ugonjwa huo huo, isipokuwa sisi wetu ulikuwa mdogo wa kuenea ghala moja.

Tukienda serikalini kudai dhamana huku daftari letu lina madoa, watatucheka, na watakuwa na haki. Kupe hakai mjini tu. Yuko na wa hapa, amenenepa, anatusalimia kila asubuhi.

TUNADAI NINI

Tunawaomba wanachama, kwenye mkutano mkuu unaokuja, wapitishe mambo haya matano, kwa mikono juu, mchana kweupe.

Moja. Mtu asisaini fomu ya bwana wa pikipiki kabla ya mkutano. Na mwanamume asiweke nyumba ya familia rehani kwa siri. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Akina mama, mkiletewa karatasi "ya kusaini tu haraka", muisome. Mkishindwa, ileteni hapa ghalani isomwe kwa sauti.

Mbili. Ushirika uandike barua kwa halmashauri ya wilaya, kwa mbunge, kwa TADB, na kwa Benki ya Ushirika iliyozinduliwa mwaka 2025, kudai dhamana ya mikopo ya nyumba za wakulima kama ilivyo dhamana ya mikopo ya kilimo. Ile benki inatumia jina letu. Ituonyeshe kwamba haikuliazima kama Mfuko wa Nyumba ulivyoliazima.

Tatu. Mkopo utolewe kwa vifaa, siyo fedha taslimu: bati, mbao, misumari, saruji, vipokelewe hapa ghalani mbele ya macho ya wote. Wa kwanza wawe wenye kuta tayari, na katika hao waanze wajane na wazee. Wajengewe kwa makundi ya familia sita sita, kwa zamu, na kundi lisipate mkopo mwingine mpaka nyumba ya sita imeezekwa.

Nne. Rejesho liwe mara moja kwa mwaka, baada ya mnada, kwa miaka kumi. Tupige hesabu tena. Shilingi 5,000,000 zile zile, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka inayopungua kadiri deni linavyopungua, zinalipwa karibu shilingi 647,500 kila msimu. Linganisha na 4,600,000 za bwana wa pikipiki. Hatusemi mkopo wa namna hiyo upo tayari. Tunasema ndio tunaoudai. Na mwaka ambao mauzo yameharibika si kwa kosa la mkulima, rejesho lisogezwe. Msimu wa 2018/19, serikali iliponunua korosho yenyewe, wengi walingoja malipo miezi mingi. Mtu asinyang'anywe nyumba kwa sababu anayemdai naye anadaiwa.

Tano. Dhamana iwe nyumba na korosho za msimu, siyo shamba lote. Na majina ya wadaiwa yabandikwe ukutani hapa, kuanzia mwenyekiti mpaka mwanachama wa mwisho. Mwanakamati akichelewa msimu mmoja bila sababu, ajiuzulu.

MWISHO

Wako watakaosema barua yetu itatupwa kapuni. Huenda. Barua ya kijiji kimoja ni jani moja. Lakini wilaya hii ina vyama vya msingi vingi, na kila kijiji kina mapagale yake. Tutaandika na kwao. Jani moja linapeperuka, paa la nyasi ni majani mengi yaliyofungwa pamoja, nalo mvua imelipiga miaka yote halikung'oka.

Fomu za yule bwana bado ziko kwenye mkoba wake. Amesema atarudi Jumamosi. Mkutano wetu ni Jumapili. Siku hiyo moja ndiyo tunayowaomba mvumilie. Tumevumilia mapagale miaka tisa, hatutashindwa kuvumilia usiku mmoja.

Usibandue karatasi hii. Mwenye hoja ya kutupinga aandike yake, aibandike pembeni, jina lake chini. Tutaisoma.

Ushirika ni nguvu ya wanyonge.

Sisi, Kamati ya Gazeti la Ukutani